Toleka ya Mtu wa Kwetu

Mama Adèle alikuwa amekwisha kukataa toleka ya tatu, baiskeli za kubeba abiria, na jua linampiga utosini. Kila mwenye baiskeli aliyemsogelea pale bandarini Kisangani aliulizwa swali lile lile: "Weye, kabila gani?" Wa kwanza alicheka. Wa pili alimtukana. Wa tatu alitaja kabila ambalo mama hakutaka hata kulisikia, akafukuzwa kwa mkono kama kuku.

Hakuwa mkorofi, jamani; alikuwa na kidonda. Mtu wa kabila hilo ndiye aliyemchukua Larissa, binti yake wa pekee. Siku ya posa mama alifunga mlango bila hata kuwatazama, wageni wakarudi na vinywaji vyao. Larissa akamfuata bwana yake Kisangani, na kwa miaka sita Mama Adèle alikula peke yake kule Isangi, redio ikiwa imewashwa kutwa nzima ili nyumba isinyamaze. Wiki hii ujumbe ulimfikia: binti ni mgonjwa sana, njoo. Alipanda boti la kwanza, roho juu juu.

Wa nne hakuwa akiita wateja. Alisimama kando, kichwa kimenyolewa, akitazama nyuso za akina mama wanaoshuka. Alimsogelea Mama Adèle, akainamisha macho, akamwamkia kwa lugha ya kwao mama, ile ya jikoni kabisa.

"Kumbe mutoto wetu!" Mama Adèle nusura alie. Hakuuliza tena kabila. "Unipeleke ku hospitali, papa."

Adabu zake pia zilimpendeza. Hakumkazia macho, wala hakumshika mkono kumpandisha. Kapu la mama la chikwangue, mikate ya muhogo, alilipachika katikati yao, wasigusane.

Njiani mama akafunguka. Alikuwa na maneno ya miaka sita na hakuwa na wa kumwambia.

"Mutoto wangu angeolewa na mutu kama weye, ningebaki peke yangu vile? Bale batu habana roho. Bon, Larissa nitamuomba pardon, nitamubeba mu mugongo mpaka nyumbani. Lakini ule bwana yake, hapana. Sitamuangalia hata siku moja."

Kijana aliitikia "eeh, mama" kwa lugha ile ile ya jikoni, akaendelea kunyonga pedali.

Hospitali ikaja, ikapita.

"Papa, tumeipita!"

Alikata kona, akaingia makaburini, akasimama mbele ya udongo mbichi. Juu yake palikuwa na msalaba wa mbao, umeandikwa kwa rangi nyeupe: LARISSA.

Alilaza baiskeli, akapiga magoti mbali kidogo na mama, na kwa mara ya kwanza akasema Kiswahili.

"Luga yenu ni yeye alinifundisha, mama mukwe. Alisema nikijitaja kule bandarini, hautapanda."