Bandeji ya Kocha Machano

Katika ukumbi wa Machano, hakuna bondia aliyewahi kujifunga bandeji mwenyewe. Machano, aliyeacha ngumi za ridhaa bila mkanda wala jina, alimfunga kila mmoja kwa mikono yake kabla ya pambano. Hiyo ndiyo iliyokuwa dua yake.

Jioni ile alikuwa akimfunga bondia wake Tatu, huku nje watazamaji wakishangilia. Vidole vyake vikaanza tena kutetemeka. Alivuta bandeji, ikateleza. Akavuta tena, ikapwaya.

"Kocha, imelegea," Tatu alisema kwa upole. "Nikipiga hivi nitavunjika."

"Nilianza kufunga mikono mama yako akiwa mtoto, akicheza kombolela!"

"Najua, Kocha. Ndiyo maana nakuambia wewe, simwambii refa."

Machano aliitazama mikono ile iliyomwamini, akaona wazi kwamba fahari yake ndiyo ingeivunja. Polepole akaifungua bandeji yote, akamkabidhi Tatu, kisha akamnyooshea mkono wake mwenyewe.

"Nifunge mimi kwanza. Ukiweza kwangu, utaweza kwako."

Tatu akazungusha, akakaza.

"Inauma?"

"Kaza, binti. Huruma haifungi mkono."

Alipomaliza, Machano alikunja konde. Likatulia tuli, kama lilivyokuwa ujanani.

Mlangoni wakaita jina la Tatu. Alikwisha kuchukua bandeji nyingine, akijifunga mwenyewe kwa makini. Kando yake, Machano bado alikuwa amelikunja konde lake, akiogopa kulikunjua.