Chumba cha Tatu

Tangu Shaibu anunue fleti ng'ambo, mkewe Mwanakheri hakupata raha. Shaibu aligoma kulipa ada ya jengo, na kwa sheria ya siku hizi chama cha wamiliki wa huko kilikuwa kikifunga vyumba vya nyumba yao ya Tanga, kimoja kimoja. Sebule na jiko vilikwisha kwenda.

Asubuhi hiyo ukuta wa ukumbini ulitamka kwa niaba ya chama: "Chagueni cha tatu."

"Cha mama mkwe," Shaibu alijibu upesi.

"Mama yumo ndani, hawezi kutembea!" Mwanakheri alipiga ukelele.

"Imepokelewa," ukuta ulisema, na komeo la chumba likajifunga.

Mwanakheri aliupiga mlango ngumi. Mama yake akaitikia kwa upole, "Ingia tu, mwanangu. Sijafunga."