Utabiri wa Moyo wa Makame

Zama hizo moyo uliovurugika mapigo ulirekebishwa kwa umeme, kisha mashine ikatabiri utatulia kwa muda gani. Mgonjwa hakuambiwa, maana hofu nayo huvuruga moyo. Aliambiwa mwenza wake, na sheria ikamfunga mdomo.

Zaituni aliambiwa kwamba moyo wa mumewe, Makame, hautafika mvua za vuli, na umeme hautausaidia tena. Akarudi naye nyumbani akitabasamu, akampikia pweza wa nazi.

Asubuhi Makame aliingia jikoni na viatu vya matope, akakanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki. Miaka yote kosa hilo lilimletea maneno mpaka majirani wakacheka. Leo Zaituni alichukua tambara, akafuta kimya, akamuuliza kama chai imekolea tangawizi. Waliotunga sheria ile huenda hawakuwahi kuishi na mtu.

Makame aliitazama sakafu, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Raya," akasema taratibu, "nigombeze."

"Wewe mwanamume," Zaituni akaanza kama desturi yake, "na matope yako hayo..."

Sauti ikamkatika.

Makame akainama, akavua viatu, akavitoa nje, akavipanga mlangoni vizuri, kama mgeni.