Mkanda kwenye Bomba

Consolée aliufunga mkanda wa mashine ya kupimia kwenye bomba huku mtutu wa bunduki ukimgusa mgongoni.

Risasi zililia pande zote za kiwanda cha maji. Kapteni na askari wake walikuwa wamezingirwa humo pamoja na fundi Consolée na wafanyakazi wenzake. Njia ya kutorokea ilikuwa moja: bomba la zamani, pana kiasi cha mtu kutambaa, linaloelekea ufukweni. Lakini kama lilikuwa na maji, kulifungua ni kuwazamisha wote chumbani.

“Tiyo iko na maji?” aliuliza kapteni, akiligonga bomba kwa buti.

“Ngoja, mon capitaine. Mashine itachora picha ya ndani bila kutoboa chuma.”

Kila ikiwashwa, mashine ile hufundishwa kwanza: hufungwa kwenye bomba lenye maji, ikaambiwa kwamba huko ndiko kujaa. Baada ya hapo inalinganisha yenyewe. Consolée alibonyeza kitufe, akasubiri. Kwenye skrini, duara likajaa buluu ukingo hadi ukingo.

“Imejaa.”

Kapteni akatukana, akaketi juu ya sanduku la risasi.

Bertrand, dereva wa kiwanda, alimsogelea Consolée. “Yaya, dada yangu, pima tena. Bibi yangu Honorine alikimbia na watoto wetu, sijui iko wapi. Hawa wakienda, minye nitamutafuta.”

“Nimeshapima.”

“Weye hauna mutu inje! Roho yako iko baridi kama hiyo mashine.”

Askari mmoja akacheka. “Mupatieni huyu papa kitambaa, analia.”

Consolée aliukunja mkanda bila kumtazama.

Walikaa hivyo, wafungwa na walinzi, njaa moja kwa wote. Kesho yake kapteni alivua fulana yake nyeupe, akaifunga kwenye mtutu, akatoka na watu wake mikono juu.

Bertrand alikimbilia langoni.

“Rudi hapa, unisaidie,” Consolée alimwita. Alikuwa ameshika spana, analegeza kifuniko cha bomba.

“Unataka kutuzamisha?”

Kifuniko kikaanguka. Sakafu ikabaki kavu. Mkono ukatokea, kisha kichwa chekundu kwa kutu. Alikuwa Honorine, na nyuma yake watoto, wakipepesa macho.

Bertrand aliwakumbatia wote kwa pamoja, kisha akamgeukia Consolée.

“Ulinidanganya hata minye!”

“Ndiyo, nilikudanganya,” alisema Consolée. “Mashine niliifundisha hapa hapa, kwenye bomba kavu nilimowaficha. Na siombi pardon.”