Watu Mia Moja wa Kumzika Yoeli

Kuhesabu watu msibani si adabu, na Mzee Kaanaeli alilijua hilo. Alifika themanini na watatu, akakohoa, akaendelea.

"Mimi nina themanini na mmoja," alinong'ona Irine, meneja wake, aliyesimama naye kando ya migomba. "Wale wawili ni wapita njia."

"Wamevua kofia," alisema Kaanaeli. "Wahesabu."

Irine alikuwa na umri wa binti wa mwisho wa Kaanaeli. Kituo cha redio kilipopata mwenye mali mpya, yeye ndiye aliyeletwa kukigeuza kiwe cha vijana: muziki asubuhi, muziki mchana, na watangazaji wanaocheka kabla hawajasema lolote. Kaanaeli alikuwa amesoma matangazo ya vifo kwa miaka ishirini na miwili, kwanza Dar es Salaam, kisha nyumbani Arusha redio binafsi ziliporuhusiwa. Jumatatu aliitwa ofisini.

"Shikamoo mzee. Kipindi chako siku hizi hakisikilizwi," Irine alimwambia. "Mwisho wa mwezi utapumzika."

Kaanaeli alimpeleka stoo kumwonyesha magunia ya barua za wasikilizaji wake. Irine alisema barua za zamani ni karatasi tu, na stoo inatakiwa kuwekwa spika.

"Nionyeshe watu mia moja waliokusikia wiki hii, mzee. Hapo nitakuachia kipindi."

Maneno hayo yalimchoma. Siku hiyohiyo alisomba magunia yake kwa mkokoteni hadi nyumbani Sekei. Mkewe, Pudensiana, alimkuta sebuleni akisoma barua moja baada ya nyingine huku machozi yakimtoka.

Wahenga walisema kufa kufaana, na Kaanaeli hakuwa mtu wa kubishana na wahenga. Jumatano, kwa sauti yake ileile isiyo na haraka, alisoma tangazo fupi. Yoeli, mlinzi wa usiku wa shamba lake la Tengeru, amefariki. Hana ndugu anayejulikana. Atazikwa Jumamosi saa nane mchana, hapohapo shambani. Habari ziwafikie wote wanaomsikia.

Hakumwambia jirani wala hakupeleka taarifa kanisani. Atakayekuja atakuwa amesikia redio, na Irine alikubali kwamba huo ni mtihani wa haki. Fundi wa majeneza wa Daraja Mbili alipouliza marehemu alikuwa na urefu gani, Kaanaeli alijibu kwamba wa kawaida. Pudensiana alisema jambo hilo yeye hamo, akabaki Sekei.

Watu walikuja. Walikuja na unga, sukari na kuni, na mwinjilisti akaja na kitabu chake bila kuitwa. Bibi mmoja aitwaye Namelok alitoka upande wa pili wa mlima, akiwa na kibuyu cha maziwa na vumbi hadi magotini.

"Shikamoo mama," alisema Kaanaeli.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia sauti yako, nikasema mtu hazikwi peke yake."

Kaanaeli aliona haya, akatazama viatu vyake. Kisha akamhesabu.

Wakati wa salamu za mwisho, jirani yake Sumari alisimama akasema Yoeli alikuwa mtu mkimya mno. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia hata akikohoa. Mama mmoja muuza ndizi wa sokoni alimkumbuka kama mtu mrefu, mwenye heshima. Mwingine akasema kweli alikuwa mfupi, lakini alikuwa na moyo mkubwa. Msibani watu hawabishani.

Namelok aliomba kumwona uso yule aliyemfanya atembee kote huko. Kaanaeli alisema jeneza lilikuwa limeshapigwa misumari. Wanaume sita walilinyanyua, na mmoja akaguna.

"Huyu mlinzi alikuwa anakula."

Jeneza lilipoteremshwa, hesabu ilikuwa mia moja na arobaini. Irine alikunja karatasi yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeshinda, mzee. Kipindi ni chako mpaka utakapochoka mwenyewe."

Kaanaeli alimshukuru. Alifurahi kweli.

"Jambo moja tu," Irine aliendelea. "Nilikosea kuhusu zile barua zako. Zirudishe Jumatatu, tuwe tunasoma moja hewani kila siku."

Kaanaeli alitazama kaburini. Vijana wenye makoleo walikuwa wakizifukia, barua zote za miaka ishirini na miwili, na Namelok akimlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.