Mama wa Mlangoni

Kalamu nyekundu ilikuwa imekwisha kupita kurasa tisa, wala haikuwa imesahihisha neno hata moja. Ilikuwa ikikata kurasa nzima nzima, kutoka pembe hadi pembe.

"Mwalimu, hiyo ndiyo nakala pekee iliyosalia!" Optatus aliinuka kitini.

"Afadhali," alijibu Mwalimu Hilaria. "Keti."

Optatus aliketi. Miaka ishirini iliyopita mwanamke huyu ndiye aliyemfundisha kusoma. Leo naye alifundisha darasa la tatu katika shule ile ile ya Makanyagio, na bado sauti ile ilimkalisha. Alikuja tu kuomba lugha isafishwe, kama mtaa mzima ulivyomletea mstaafu huyu kadi za harusi na risala za misiba. Kijitabu chenyewe, "Mama wa Mlangoni", alikikuta katika stoo ya shule, kimechapwa kwa stensili mwaka 1981. Ijumaa kingesomwa mbele ya wazazi.

"Sikiliza upuuzi huu." Mwalimu aliegemeza gongo lake ukutani, akasoma bila kuinamisha macho. "'Mama yake Tabu hakuwa na mguu. Kutwa aliketi mlangoni akilia, na Tabu aliacha shule ili amwogeshe.' Amwogeshe! Mguu ukikatika, mikono nayo hukauka? Mama huyu hapiki, hafumi, hagombezi mtu. Hata kofi hamzabi mwanawe! Huyo si mzazi. Ni gunia la mpunga lililowekwa mlangoni ili wapita njia walionee huruma."

Optatus aliuma midomo asicheke. Mguu wa kulia wa Mwalimu ulibaki kwenye lori lililopinduka njia ya Sitalike mwaka 1983. Wanawe watatu walizaliwa baada ya hapo, na hakuna hata mmoja aliyepata kusema kwamba kofi la mama yake lilikuwa jepesi.

"Lakini kinagusa moyo, Mwalimu. Mwishoni tajiri anamnunulia mguu wa bandia, na Tabu anarudi shuleni."

"Naam. Mama asipotengenezwa, mtoto hana haki ya kucheka. Nani atakayekisoma Ijumaa?"

"Ndaki. Si unajua baba yake, Lyamba, haoni? Nikadhani atasoma kwa uchungu."

Mwalimu aliiweka kalamu mezani.

"Lyamba msuka kamba za ng'ombe? Aliyemfundisha mwanawe kuhesabu kwa mafundo ya kamba, kabla wewe hujamfundisha lolote?"

"Huyo huyo."

"Naye atakuwepo?"

"Nimemwekea kiti cha mbele."

"Ahaa. Kwa hiyo mtoto atasimama jukwaani kumlilia baba yake aliye hai, na baba ameketi mbele, anasikiliza. Hongera, Optatus. Hayo umejifunzia chuo gani?"

Optatus alitazama viatu vyake. Akilini alimwona Ndaki akisoma, na alimwona Lyamba akigeuza sikio.

"Basi Ijumaa Ndaki atasimulia yale mafundo ya baba yake," alisema polepole. "Lakini mimi sikukiandika, Mwalimu. Na jalada linasema tu 'Kamati ya Walimu'."

Enzi zile ndivyo ilivyokuwa: mwalimu mmoja aliandika, jina likawekwa la kamati.

"Pengine mwandishi alikwisha kufariki," aliongeza.

"Yu hai. Anakula, analala, anapokea pensheni."

"Unamfahamu?"

"Nilimfahamu alipokuwa kijana. Kiburi kingi, miguu miwili, na hajapata kuingia hata nyumba moja ya mlemavu."

"Basi nitajie jina. Anastahili kuambiwa."

Mwalimu Hilaria alifunga kijitabu, akaokota kalamu. Alifuta "Kamati ya Walimu" kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake, kwa mwandiko uleule ambao Optatus aliuiga ubaoni akiwa mtoto, akaandika jina lake mwenyewe.

Kando ya jina akaweka sifuri.