Stempu Thelathini na Moja

"Nani kakwambia hizi zilinunuliwa?" mthamini aliuliza, jicho moja kalibana kwenye lenzi.

Mshonaji akamkazia macho. Hakupanda ngazi za ghorofa tatu na albamu kwapani ili aje kusikia upuuzi.

"Baba yangu ndiye kaniambia, mzee wangu. Na hakuwa mwongo. Angalia vizuri."

Stempu zilikuwa thelathini na moja, zote za kumbukumbu: reli kutimiza miaka mia, daraja kufunguliwa, mashindano ya riadha. Moja kwa kila siku yake ya kuzaliwa, tangu alipotimiza miaka saba. Mwaka huo ndipo mama yake alipotokomea, na baba akamwambia, "Kaenda zake. Hata salamu hatakuletea." Na kweli, haikuja hata moja. Kitu pekee mama alichomwachia ni jina, Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi shavuni. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Baba alilipiga marufuku nyumbani, na yeye mwenyewe hakulitaka tena. Alimchukia yule mwanamke kwa moyo wake wote, na hakuona haya kulisema.

Lakini baba! Mwanamume asiyejua hata chumvi inakaa wapi jikoni, ila kila tarehe kumi na mbili Juni aliamka kabla ya kila mtu, akawasha jiko la mkaa kwa mikono yake, akamchemshia chai. Stempu ilikuwa imelala pembeni ya kikombe, bado ina unyevu.

"Nimekununulia," alikuwa akisema. "Nimeiosha vumbi kidogo."

Alifanya hivyo hata binti alipoolewa, akaachika, akarudi. Miezi miwili iliyopita walimzika. Na hapo hapo msibani mama mdogo, ndugu wa yule mwanamke, akathubutu kutamka kwamba marehemu hakuwa na huruma hata chembe. Mshonaji alimtoa mbio mbele za watu. Sasa alitaka karatasi ya mthamini, yenye sahihi na muhuri, akamtupie usoni: haya, soma, huyo asiye na huruma alinilea hivi.

"Thamani yake ni ndogo, binti yangu," mthamini alisema. "Stempu mpya ina gundi nyuma. Hizi hazina. Zimelowekwa kwenye maji mpaka zikabanduka kwenye bahasha. Tena aliyeloweka hakujua kazi. Angeiacha hii ya daraja kwenye bahasha yake, ingekununulia cherehani mpya. Bahasha ndiyo mali."

"Basi alizinunua zikiwa hivyo hivyo."

"Kwa nani? Hebu soma mihuri." Akamsogezea lenzi. "Posta moja, mji mmoja wa ng'ambo. Na tarehe ni mwisho wa Mei, mwisho wa Mei, mwisho wa Mei. Miaka yote hiyo! Huyu ni mtu mmoja, na loo, hachoki."

Mshonaji akacheka, kicheko kikavu. "Watu wangapi wanaandika barua mwezi wa Mei, mzee wangu? Niandikie karatasi yangu niende."

Mthamini akafunua ukurasa. Alikuwa amefika kwenye stempu ya mwisho, ya mwaka huu, ambapo mikono ya baba ilikuwa ikitetemeka kwa ugonjwa. Hii haikulowekwa. Ilikatwa pamoja na kona ya bahasha, na ile kona ikakunjwa nyuma ya stempu. Ukingo wake ulikuwa na meno meno. Mshonaji aliyajua meno yale. Yalikuwa ya mkasi wake wa kazi, ule wa kukata kitambaa kisifumuke.

"Hapa pana mwandiko," mthamini alisema, akiikunjua kona taratibu kwa kibano. "Mwandiko wa mtu mzima, unapanda mpaka juu ya stempu. Kidoti... Kidoti wangu. Unamjua huyo?"

Mshonaji akaigusa ile kona kwa kidole. Alikuwa akimwona baba yake alfajiri ya kila tarehe kumi na mbili Juni, kachuchumaa mbele ya jiko, anawasha mkaa kwa karatasi za barua. Na chai ile aliinywa yote, kila mwaka, akasema asante.